Kupanga upya vyumba vya nyumba kabla mtoto hajazaliwa: mwongozo wa hatua kwa hatua

Swali ambalo wazazi watarajiwa hujiuliza mapema kuliko yote ni mtoto atapewa chumba kipi, na kwa kweli ndilo swali linaloweza kusubiri. Katika miezi ya mwanzo mtoto mchanga hana haja ya chumba chake. Anahitaji mahali salama pa kulala palipo karibu na mama, mahali pa kubadilishiwa nepi, na watu wazima wanaoweza kumfikia usiku bila kujikwaa. American Academy of Pediatrics, ambacho ni chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kilishauri katika mapendekezo yake ya mwaka 2022 kwamba mtoto alale chumba kimoja na wazazi wake, lakini katika kitanda chake mwenyewe, kwa muda usiopungua miezi 6, kwa sababu mpangilio huo hupunguza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto usingizini. Chumba kinachostahili kupangwa upya kwanza, basi, ni chumba cha kulala cha wazazi, na vyumba vingine vyote hufuata nyuma yake. Mwenye kulishika jambo hilo huepuka kumaliza nguvu na fedha zake akipamba chumba ambacho mtoto hatalala humo mpaka nusu mwaka upite.

Hatua ya kwanza: weka ratiba kwa kuhesabu kurudi nyuma

Mimba huhesabiwa wiki 40 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, lakini mtoto anayezaliwa kuanzia wiki ya 37 hahesabiwi kuwa njiti, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba wako atasubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kwa hiyo lenga kazi yote iwe imekwisha ifikapo wiki ya 35 au ya 36, kisha panga kazi nyingine kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Wanaotarajia mapacha waimalize mwezi mmoja kabla ya muda huo, kwa kuwa mapacha mara nyingi huzaliwa kabla ya wiki ya 37.

Kazi zenye vumbi na harufu ndizo za kutangulia: kuziba nyufa, kupiga rangi, kutoboa kuta na kuunganisha samani mpya. Rangi huendelea kutoa mvuke wa kemikali hata baada ya kukauka, na samani zilizotengenezwa kwa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi hutoa gesi ya fomaldihaidi kidogo kidogo, hasa zikiwa mpya. Dawa ya yote mawili ni hewa na muda. Fungua madirisha mchana kutwa, acha droo na milango ya kabati wazi, na hakikisha kwamba kati ya siku ya kupiga rangi na siku ya mtoto kuingia nyumbani kuna wiki kadhaa, si siku kadhaa. Kipindi cha kati cha ujauzito, yaani takriban wiki ya 14 hadi ya 27, ndicho kinachofaa zaidi kwa mipango hii, maana kwa wanawake wengi kichefuchefu kimepungua na tumbo bado halijawa zito.

Hata katika kipindi hicho, mjamzito abaki kuwa msimamizi wa kazi na si mbebaji. Homoni za ujauzito hulegeza mishipa inayoshikilia viungo, na tumbo linapokua hubadilisha mizani ya mwili, kiasi kwamba ngazi aliyokuwa akiipanda kila siku inaweza kumwangusha. Kusukuma kabati, kupanda juu ya kiti kuning'iniza pazia na kuinua godoro zima ni kazi za watu wengine. Ipo pia kazi moja ambayo mjamzito hapaswi hata kuwa karibu nayo, nayo ni kukwangua rangi ya zamani. Rangi nyingi za nyumba za miaka iliyopita zilichanganywa na madini ya risasi; Marekani iliipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, na nchi nyingi zilichelewa kufanya hivyo. Vumbi lake likivutwa au kumezwa huingia kwenye damu, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na madhara yake kwenye ubongo hayarekebishiki. Kama nyumba ni ya zamani na rangi inabambuka, kazi hiyo ifanywe na fundi anayejua kuikwangua ikiwa imeloweshwa, chumba kikiwa kimefungwa na mama akiwa hayupo nyumbani, na sakafu ipigwe deki kwa maji kabla hajarejea. Ufagio mkavu hurusha tu vumbi lile lile hewani.

Hatua ya pili: pima chumba na uchore sakafuni

Kabla ya kununua au kusogeza chochote, chukua futikamba na upime chumba cha kulala: urefu, upana, mahali mlango unapofungukia, kimo cha dirisha kutoka sakafuni, na mahali soketi zilipo. Kisha chukua utepe wa gundi wa karatasi na uchore juu ya sakafu umbo la kila kitu unachofikiria kukiingiza. Magodoro ya vitanda vya watoto katika nchi nyingi huwa na ukubwa wa sentimita 60 kwa 120, na fremu huongeza sentimita chache kila upande. Hilo likichorwa sakafuni ndipo mtu anapotambua kwamba kitanda alichokitamani kitazuia mlango wa kabati kufunguka. Kati ya kitanda cha wazazi na kitu kingine chochote acha njia ya sentimita 70 hivi, ili mtu mzima aliyembeba mtoto apite akiwa amenyooka bila kujipenyeza kwa ubavu.

Uache utepe huo sakafuni kwa siku kadhaa na uishi nao, ukiheshimu mistari kana kwamba ni samani halisi. Mkijikuta mnaikanyaga kila mara kuelekea dirishani au kwenye kabati, mchoro haufai na ni rahisi kuubandua. Chumba kikiwa kidogo mno kwa kitanda cha kawaida, hakuna ubaya wa kuanza na kitanda kidogo cha mtoto mchanga au kile kinachosimama ubavuni mwa kitanda cha mama, mradi kiwe na godoro gumu, tambarare, na kitumike tu hadi mtoto anapoanza kujigeuza au kujiinua, jambo ambalo kwa wengi hutokea baada ya miezi 4 hivi. Watengenezaji wa vitanda hivyo huandika kikomo cha uzito au umri, na kikomo hicho kisipuuzwe.

Hatua ya tatu: punguza kabla ya kuongeza

Chumba cha wazazi huwa na vitu ambavyo vimeishi humo kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuviondoa. Masanduku ya juu ya kabati, mashine ya mazoezi iliyogeuzwa kitundikio cha nguo, maboksi ya karatasi za zamani, dawati la kazi za ofisini: hivi vyote vinapaswa kutoka kabla ya kitanda cha mtoto kuingia, na visihamishiwe kwenye chumba kile ambacho baadaye kitakuwa cha mtoto, maana hapo utakuwa umeahirisha tatizo kwa miezi sita. Gawanya vitu katika mafungu ya vitakavyobaki, vitakavyogawiwa au kuuzwa, na vitakavyotupwa, kisha vile vya mafungu mawili ya mwisho viondoke nyumbani wiki hiyo hiyo.

Droo moja pana inatosha kwa nguo za mtoto mchanga, ambazo ni ndogo na hupitwa na umri upesi. Sioni sababu ya kununua kabati jipya kabla ya kujaribu kuondoa nguo za watu wazima ambazo hazijavaliwa mwaka mzima. Kama kuna dawati la kazi ambalo lazima libaki, lihamishiwe sebuleni au kwenye kona nyingine, kwa kuwa mwanga wa kompyuta na simu za kikazi haziendi pamoja na chumba ambacho watu watatu watakuwa wakilala kwa vipande.

Hatua ya nne: chagua mahali pa kitanda cha mtoto

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote, na inafaa kutulia hapo. Mahali pazuri ni upande anaolala mama, karibu kiasi kwamba anaweza kunyoosha mkono na kumgusa mtoto bila kushuka kitandani. Pasiwe chini ya dirisha, kwa sababu ya jua, upepo, na kamba za mapazia, ambazo zinaweza kumnyonga mtoto baadaye atakapoanza kuzifikia. Kamba hizo zifungwe juu kabisa au mapazia yabadilishwe yawe yasiyo na kamba. Pasiwe chini ya rafu, picha yenye kioo au saa ya ukutani. Pasiwe mahali ambapo feni au kiyoyozi kinampulizia moja kwa moja, wala karibu na kipasha joto. Ukuta wa nje unaotoa unyevunyevu au wenye madoa ya ukungu nao uepukwe. Bandika kiganja ukutani asubuhi, na kama ni baridi na unyevu, sogeza kitanda upande mwingine na utafute maji yanatoka wapi. Nyaya za chaja na za taa zisipite nyuma ya kitanda hata kama soketi iko hapo hapo.

Kitanda chenyewe kikaguliwe, hasa kikiwa cha kurithi. Nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye na kichwa kikabaki. Godoro lijae fremu barabara: ukiweza kuingiza zaidi ya vidole viwili kati ya godoro na ubavu wa kitanda, godoro ni dogo na mtoto anaweza kuzama hapo. Tikisa kitanda kwa nguvu usikilize kama kinalia, kisha kaza skrubu zote. Vitanda vya zamani ambavyo ubavu wake mmoja hushuka na kupanda vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011 baada ya kusababisha vifo vya watoto, na kinachopendeza machoni kwa kuwa alikilalia shangazi au binamu hakiwi salama kwa sababu hiyo.

Ndani ya kitanda kiwemo godoro gumu lililo tambarare, shuka moja iliyovutwa ikakaza, na mtoto mwenyewe akiwa amelazwa chali. Mito, mablanketi mazito, wanasesere na zile pedi laini zinazofungwa kuzunguka fito hazina nafasi humo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 ilizuia kuuzwa kwa pedi hizo pamoja na vilalio vya watoto vilivyoinama zaidi ya nyuzi 10. Najua kitanda kitupu namna hiyo hakipendezi kwenye picha, na mara nyingi ndugu wanaokuja kutazama watauliza mbona mtoto hana mto. Jibu ni kwamba tangu miaka ya 1990, familia zilipoanza kushauriwa kuwalaza watoto chali, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana katika nchi zilizotangaza ushauri huo. Nchini Marekani vilipungua kwa takriban nusu.

Panapokuwa na mbu waenezao malaria, chandarua chenye dawa kipangwe tangu sasa, si baada ya mtoto kufika. Kipate ndoano imara darini, kiwe kipana kiasi cha kuchomekwa chini ya godoro pande zote, na kisilale juu ya mwili wa mtoto. Kamba ya kukining'iniza ibaki juu, mbali na mikono.

Kuhusu joto la chumba, ushauri unaotolewa Uingereza ni kati ya nyuzijoto 16 na 20 za Selsiasi. Palipo na joto zaidi ya hapo huwezi kuibadilisha hali ya hewa, lakini unaweza kumpunguzia mtoto nguo na kuchagua kona ambayo hewa inapita. Kipimo cha uhakika ni kifua au shingo ya mtoto kwa nyuma: pakiwa na jasho au moto, amevikwa kupita kiasi. Mikono na miguu huwa ya baridi hata mtoto akiwa sawa, kwa hiyo isikudanganye.

Hatua ya tano: tayarisha kitanda cha wazazi pia

Jambo hili husahauliwa kwa sababu kila mtu anatazama kitanda kidogo. Mama anayenyonyesha saa tisa usiku anaweza kusinzia akiwa na mtoto kifuani, hata awe mwangalifu kiasi gani. Mahali pa hatari zaidi pa kusinzia hivyo ni kwenye kochi au kiti cha mkono, ambapo mtoto huteleza kati ya mito na kukosa hewa. Kitanda cha kawaida, ingawa si mahali pa kumlaza mtoto, kina hatari ndogo kuliko kochi. Kwa hiyo kama unajua utanyonyesha ukiwa umelala au kuegemea, panga kitanda ukizingatia uwezekano wa kupitiwa na usingizi: mito isiyohitajika na blanketi zito viondolewe upande wa mama, kusiwe na upenyo kati ya godoro na ukuta, na ukiamka tu mtoto arudishwe kwenye kitanda chake. Mtu aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa za usingizi asilale karibu na mtoto kwa hali yoyote ile, na tahadhari hiyo iwe kali zaidi kwa mtoto aliyezaliwa njiti.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji huhitaji zaidi. Kwa wiki 6 hivi hushauriwa asiinue kitu kizito kuliko mtoto, na siku za kwanza kuinuka tu kutoka kitandani ni kazi. Kitanda kilicho chini sana, au kile kilichosukumwa ukutani ili kuokoa nafasi hivi kwamba mama anatambaa kukitoka, kitamtesa. Kivute kutoka ukutani apate kushuka ubavuni. Kama nyumba ni ya ghorofa na choo kiko chini, fikiria kuhamishia chumba cha kulala chini kwa mwezi wa kwanza, hata kama hakuna anayejua bado atajifungua kwa njia gani.

Hatua ya sita: mahali pa kunyonyeshea na pa kubadilishia nepi

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, na nepi hubadilishwa karibu idadi hiyo hiyo, kwa hiyo usiku ni bandika bandua. Kila kitu kinachohitajika kwa shughuli hizo mbili kiwe kinafikika kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili utakuwa umemshika mtoto. Mahali pa kunyonyeshea pawe na kiti chenye mikono na mgongo ulionyooka, meza ndogo upande ambao mama anaufikia kwa urahisi, maji ya kunywa kwenye chupa yenye kifuniko, kitambaa, na taa hafifu yenye mwanga wa njano iliyo chini ya usawa wa kitanda. Vinywaji vya moto visiwekwe hapo. Mwanga mkali mweupe humwamsha kila mtu, na saa ya mwili ya mtoto, inayotofautisha usiku na mchana, huchukua miezi 2 au 3 kujijenga.

Meza maalumu ya kubadilishia nepi naiona ni matumizi mabaya ya sakafu. Sehemu ya juu ya kabati la droo, likiwa na kimo cha kiuno na limefungwa ukutani, hufanya kazi ile ile kukiwa na mkeka laini wenye kingo, mradi mkono mmoja usimwache mtoto hata kwa nukta. Kama huna uhakika na umakini wako saa za usingizi, au mgongo wako unaruhusu, mkeka juu ya sakafu ni salama kuliko vyote, kwa kuwa hakuna pa kuangukia. Nepi, vitambaa, mafuta na nguo za kubadilisha zikae kwenye droo ya juu au kikapu kilicho wazi. Ndoo ya taka iwe na kifuniko cha kukanyaga. Nyumba yenye sebule mbali na chumba cha kulala ipewe kikapu cha pili cha nepi huko sebuleni, na hapo utakuwa umeokoa safari nyingi za mchana.

Hatua ya saba: fanyeni zoezi la usiku

Samani zikishakaa mahali pake, fanyeni jaribio. Funga chupa mbili za maji za lita moja na nusu ndani ya taulo, uzito ambao ni karibu na kilo 3 za mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake, na uzilaze kwenye kitanda cha mtoto. Usiku zimeni taa zote, laleni kidogo, kisha mmoja wenu aamke, achukue lile taulo, aende pa kubadilishia nepi, afungue droo, atoe nepi, akae kwenye kiti, na hatimaye arudishe taulo kitandani na kulala, yote kwa mwanga wa taa ile hafifu pekee. Kisha mwenzake arudie.

Mtakayoyagundua hamtayagundua mchana. Droo inakwama na inataka mikono miwili, hivyo inabidi ipakwe nta au ibadilishwe na kikapu. Ncha ya zulia inakunjika na kukamata kidole cha mguu. Zulia hilo litolewe au libandikwe. Swichi ya taa iko nyuma ya mlango uliofunguliwa. Kona ya kitanda cha wazazi inagonga goti la yeyote anayepita upande wa kulia. Bawaba ya mlango inalia, na tone la mafuta linatosha kuinyamazisha. Rekebisheni kila kimoja asubuhi yake na mrudie zoezi, kwa sababu kasoro iliyovumiliwa kwa kipindi kifupi sasa itavumiliwa mara nyingi kila usiku baadaye, na mtu asiye na usingizi wa kutosha.

Hatua ya nane: mtoto mkubwa na nafasi yake

Kama yupo mtoto aliyetangulia ambaye bado analala kwenye kitanda cha fito au chumbani kwa wazazi, ahamishwe miezi 2 au 3 kabla ya mdogo wake kuzaliwa, ama aachwe hapo hapo mpaka miezi kadhaa baadaye. Kumhamisha wiki ile ile mgeni anapofika ni kumwambia waziwazi kwamba amenyang'anywa. Kitanda chake cha zamani kikitolewa, kikae mahali asipokiona kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi kama kitanda cha mdogo wake. Usichanganye uhamisho huu na kumwachisha nepi. Mambo mawili makubwa kwa wakati mmoja humchosha yeye na wewe.

Vitu vyake vya kuchezea vyenye vipande vidogo, sumaku, na hasa vile vyenye betri bapa za mviringo, vipewe sanduku lenye kifuniko kwenye rafu ya juu tangu sasa, ili mazoea yawepo kabla mdogo hajaanza kutambaa. Betri hizo zikimezwa huunguza umio ndani ya saa chache. Ikiwezekana, mtoto mkubwa apewe pia droo au kona ambayo ni yake peke yake. Kudai haki yake atadai tu, na ni afadhali awe nayo tayari.

Hatua ya tisa: vyumba vilivyobaki

Jikoni na bafuni hapana haja ya kuhamisha mambo mengi kwa sasa. Kama maji ya moto yanatoka kwenye mtambo wenye kidhibiti joto, kiwekwe nyuzijoto 49 au chini yake, kwa kuwa maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Maji ya kumwogeshea yawe nyuzi 37 au 38, na yapimwe kwa kiwiko kama hakuna kipimajoto. Tafuta mahali ambapo beseni litakaa juu ya kitu kisichotikisika bila mwogeshaji kuinama sana, na taulo liwe linafikika.

Kifaa chochote kinachochoma mkaa, kuni, gesi au mafuta ya taa kisiingizwe chumba cha kulala, hata kwa dakika chache za kupasha joto. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na huua watu waliolala. Kuvuta sigara kuhamishwe nje ya nyumba kabisa, si dirishani wala ukumbini, kwa kuwa moshi wa tumbaku ni miongoni mwa sababu zinazofahamika vizuri za kuongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto. Sebuleni, panga viti ili wageni wawe na mahali pao na mama awe na kiti ambacho hakitazamani moja kwa moja na mlango, mahali anapoweza kunyonyesha bila kuinuka kila mtu anapobisha hodi.

Hatua ya kumi: funga samani ukutani, na uandike yatakayofuata

Maadamu keekee imeshatoka kwenye sanduku la zana, kabati, rafu za vitabu na televisheni zifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe au mikanda. Kazi hii huahirishwa kwa sababu mtoto mchanga hawezi kupanda kitu chochote, lakini wazazi wa mtoto wa miezi minane hawana jioni tulivu ya kutoboa kuta. Droo nzito ziwe chini, na juu ya kabati kusiwe na kitu kinachomshawishi mtoto apande kukifuata.

Yaliyobaki yaandikwe kwenye orodha yenye tarehe, yasifanywe sasa. Shirika la Afya Duniani lilipofuatilia ukuaji wa watoto wenye afya katika nchi mbalimbali lilikuta kwamba kutambaa kwa mikono na magoti huanza popote kati ya miezi 5 na 13, na kutembea bila kushikwa kati ya miezi 8 na 17, kwa hiyo vifuniko vya soketi, vizuizi vya ngazi na kufuli za makabati yenye sabuni na dawa viwe tayari mtoto anapotimiza miezi 5. Godoro la kitanda chake lishushwe ngazi moja anapoanza kuketi, na lishushwe hadi chini kabisa anapojivuta kusimama. Kuanzia miezi 6, ukiamua kumhamishia chumba chake, mhamishe na kitanda kile kile, na ukague chumba kipya kwa masharti yale yale ya dirisha, kamba, rafu na unyevunyevu. Kitanda hicho kitamfaa mpaka afikie kimo cha sentimita 89 hivi, au mpaka ubavu wake uwe chini ya usawa wa kifua chake akiwa amesimama. Baada ya hapo atakuwa na uwezo wa kuuruka, na kitanda cha chini kisicho na fito ndicho kitakachohitaji kupimiwa nafasi.